Masizi ya Fundi Siwema

Nchi ninayotaka kuwasimulia mnaifahamu, ila hamtaipata kwenye ramani. Iko palepale ramani inapokunjwa, na kwa vile imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mno na watu wenye mikono ya jasho, jina lake limefutika. Wenyewe hawakulalamika. Walisema nchi isiyo na jina haiwezi kutajwa vibaya kwenye ripoti za mataifa.

Mimi nilikaa huko. Kwa miaka thelathini nilikuwa mpima mvua wa serikali. Kazi yangu ilikuwa kuamka, kuchungulia kopo, na kuandika. Mwaka ambao mvua haikunyesha kabisa niliandika vilevile, maana fomu haikuwa na nafasi ya sifuri. Kwa hiyo nikisema jambo, mjue linasemwa na mtu aliyezoea vipimo. Mengi ya haya nimeyaona kwa macho yangu mawili, na ambayo sikuyaona nimeyasikia kwa mtu ambaye hajawahi kunidanganya zaidi ya mara moja.

Mji wetu uliitwa Mabomba. Mwaka wa uhuru serikali ilileta mabomba ya maji, makubwa, ya chuma, yakapangwa kando ya barabara yakingoja kufukiwa. Yalingoja. Mbuzi walizalia humo ndani, na mbuzi waliozaliwa humo wakazalia humo. Ukimwelekeza mgeni ulimwambia apite bomba la saba kisha akate kushoto. Maji yenyewe tulichota kisimani, na kila masika kisima kilikutana na vyoo huko chini ya ardhi, wakapeana mikono, nasi tukalala na homa ya matumbo. Hakuna masika tuliyomaliza bila kuzika.

Watu wa mji ule tulikuwa wa aina mbili, wa Mlimani na wa Bondeni, na tulikuwa watani. Babu zetu walipigana vita moja tu, ikavunjika kabla ya saa sita kwa sababu pande zote mbili zilisahau kubeba chumvi. Walipogawana chumvi iliyoombwa kwa jirani, vita ikageuka utani. Tangu hapo mtu wa Mlimani anaweza kumtukana mtu wa Bondeni mbele ya wakwe, na mtu wa Bondeni anaweza kuingia kwa mtu wa Mlimani, akaweka mkono juu ya kuku, akasema "Cha mtani!" akaondoka naye; na wa Mlimani kwa wa Bondeni vilevile. Mwenye kuku anatakiwa kucheka. Akikasirika, amejivua utu. Lakini siku ya shida, mtani ndiye anayefika kwanza. Ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayewachekesha wafiwa, na ukiwa kizuizini ndiye anayekuja kusema "huyu ni wangu."

Mimi ni wa Mlimani. Fundi Siwema alikuwa wa Bondeni. Alikuwa na karakana ya kuchomelea mageti kando ya bomba la tatu, na kila asubuhi nilipopita kwenda kwenye kopo langu aliinua ile miwani yake myeusi.

"We Sengo! Bado unatembea? Jana nimekunolea jembe la kaburi, usinitie hasara."

"Tangulia wewe," namjibu, "uso wako wenyewe umeshaungua, malaika hawatapata kazi."

Basi siku yangu imeanza vizuri. Hata nilipostaafu niliendelea kupita pale, ingawa kopo nilikuwa nimeshalirudisha serikalini, na limesainiwa.

Sasa, huyu Siwema aliishia darasa la saba, lakini alikuwa na tabia ya kusoma karatasi za kufungia karanga. Siku moja alinunua karanga zilizofungwa kwa ukurasa wa kitabu cha sayansi. Akala karanga, akasoma ukurasa, akarudi kwa muuza karanga kununua nyingine ili apate ukurasa wa pili. Alikula karanga wiki mbili mfululizo. Mwisho wake alitoka na vipele mashavuni na elimu kamili ya mirija ya kaboni.

Alitukusanya karakanani akatueleza. Kaboni ni ileile ya mkaa, alisema, ileile ya katikati ya penseli. Lakini ukiipata ikiwa tandiko moja jembamba, halafu ukaliviringisha kama mkeka, unapata mrija. Mdogo kiasi gani? Chukua unywele mmoja, upasue mara elfu hamsini, kipande kimoja ndicho unene wake.

"Nani atakaa kupasua unywele mara elfu hamsini?" nikamuuliza.

"Wewe mstaafu, una kazi gani?" Watu wakaangua kicheko. "Sikilizeni. Mdogo hivyo, lakini ukipima uzito kwa uzito, nondo haioni ndani. Umeme unapita humo kama mtu anayepita kwao. Joto vilevile. Na mirija hiyo ikilala mingi pamoja, imesokotana kama nyuzi za dodoki, inaacha matundu madogo sana. Maji yanapita. Kidudu cha homa ya matumbo hakipiti. Tumbo lake ni kubwa."

Jinsi alivyoitengeneza, mimi nilisimama pale. Alivunja betri chakavu za tochi, akatoa vile vijiti vyeusi vya katikati. Akavifunga viwili kwenye mashine yake ya kuchomelea, akavichovya ndani ya beseni la maji, akavigusanisha. Maji yaliwaka taa! Cheche zilimulika chini ya maji kama radi iliyopotea njia, na masizi meusi yakaanza kuelea na mengine kuzama. Siwema alijifunga kitambaa kibichi puani, na sisi akatufukuza hadi mlangoni. Masizi haya, alisema, yakikaa kwenye maji hayana neno, lakini yakikauka yakapeperuka, kifua kinayapokea na hakijui kuyatoa.

Akayatandaza katikati ya vitambaa viwili, akaviweka kwenye chungu chenye tundu chini. Akamimina maji ya kisima, yale ya masika, rangi ya chai ya maziwa. Yakatoka meupe. Akanywa yeye kwanza. Tukamtazama siku tatu. Siku ya nne alinitukana kwa sauti nzuri tu, tukajua yuko mzima.

Alitengeneza vyungu arobaini, kila mtaa vyake. Masika ile hatukuzika mtu. Nasema tena kwa sababu nakijua kipimo hiki: hatukuzika hata mtu mmoja. Mganga wa zahanati alikaa barazani akicheza bao na mlinzi. Mkoani walimwandikia barua ya onyo kwamba ameshindwa kufikia lengo la wagonjwa, na asipojirekebisha zahanati itahamishiwa mahali penye ushirikiano.

Ni barua hiyo ndiyo iliyomleta Waziri.

*

Mheshimiwa Fungameza alikuwa mtoto wa kwetu Mlimani. Alikuwa ameshika wizara nyingi kubwa, na kila moja aliiacha ikiwa ndogo, kwa hiyo Kiongozi wa Nchi akaamua kumwanzishia Wizara ya Vitu Vidogo ili aone itakuwaje. Alifika na magari tisa na msemaji aliyebeba kipaza sauti kwenye mto wa velveti.

Tulikusanyika bomba la tatu. Waziri alipewa kijiko cha masizi, akakiinua juu.

"Ndugu wananchi! Kuna wapinzani wachache, wenye macho mafupi, wanaosema serikali iliahidi mabomba na haikuyaleta. Leo nawauliza: hiki ni nini? Mtaalamu wetu hapa ametuambia kwamba ndani ya kijiko hiki kuna mabomba mengi kuliko watu wote wa dunia! Serikali gani nyingine imewahi kuleta mabomba mengi hivi katika kijiko kimoja?"

Tukapiga makofi. Ukifikiria, alikuwa na hoja.

"Ni madogo, sikatai. Lakini tulisema mabomba. Ukubwa hatukutaja."

Tukapiga tena. Halafu Waziri akashuka jukwaani, akaenda moja kwa moja hadi kwenye chungu cha Siwema, akaweka kiganja juu ya mfuniko, akasema kwa sauti ya kwetu, ile ya nyumbani ambayo hatukuisikia tangu achaguliwe:

"Cha mtani!"

Wacha watu wacheke! Wazee walishikana mabega. Waziri mzima, na suti yake, hajasahau mila. Siwema mwenyewe alicheka hadi akajishika kiuno.

"Chukua, mtani, chukua! Ukaoshee ulimi wako, una kutu ya ahadi!"

"Nitakirudisha, we mchoma mageti. Nikirudi nitakuletea mia, ili upunguze gubu."

"Yafunikwe tu yasikauke," Siwema akamwambia, sasa amepunguza kicheko. "Mtani, unasikia? Na usichelewe. Masika inarudi mwezi wa tatu."

"Mimi nichelewe? Mimi ni wa Mlimani!"

Kisha vijana wake wa suti nyeusi wakaingia nyumba kwa nyumba, na kila walipoweka kiganja juu ya chungu walisema "Cha mtani." Walikuwa watu wa makao makuu, hawana utani na mtu yeyote, lakini walilitamka vizuri. Vyungu vyote arobaini vilipanda lori. Tulikuwa bado tunacheka. Mimi mwenyewe nilisaidia kupakia vitano. Siwema alisimama na mikono kiunoni akilitazama lori, na nikamsikia akijisemea, "Hata kimoja hakuacha, huyu shetani," naye akatabasamu, kwa sababu ndivyo mtu anavyotakiwa kufanya.

*

Haya ya makao makuu nilisimuliwa na yule mtu wa mara moja.

Wizara iliunda Kamati ya Matumizi. Wajumbe walikuwa ishirini na mmoja na kila mmoja alikuja na wazo. Wa kwanza akapendekeza kamba ya kufika mwezini, ili wananchi wenye malalamiko wayapeleke huko. Wa pili alitaka makoti yasiyopitisha risasi kwa viongozi, na chupi zake. Wa tatu alitaka betri za mirija, kwa kuwa zinajaa haraka na kudumu, zitumike kwenye vipaza sauti ili hotuba isikatishwe na umeme. Wazo hilo lilipita na kisha likafa, kwa sababu hotuba ya kulipitisha ilikatishwa na umeme. Akasimama karani mmoja wa chini, akasema nasikia huko masizi yalikotoka yalikuwa yanachuja maji. Akaulizwa kama ana kiu. Akasema hana. Basi akaambiwa akae.

Ndipo mtaalamu wa kigeni aliyekuwa amelala akaamka, akasema mirija hii ina sifa moja ambayo watu wengi hawaijui. Ukiipanga isimame wima, imebanana kama nywele za mswaki, mwanga ukiingia hautoki. Unagonga huku, unagonga kule, unapotelea humo. Kwa hiyo ndiyo rangi nyeusi kuliko zote duniani.

Waziri Fungameza akainuka kitini.

Kwenye uwanja mkuu kulikuwa na sanamu ya shaba ya Kiongozi, mkono mmoja umenyoosha kidole mbele, kifuani nishani kumi na saba. Ndege walikuwa wameiongezea nishani nyingine nyingi. Na Kiongozi alikuwa anatimiza miaka arobaini madarakani.

"Tutaipaka," Waziri akasema. "Kitu kizito, chenye heshima. Rangi ambayo hakuna rais mwingine anayo."

Masizi yote ya vyungu arobaini yakapakwa mwilini mwa sanamu. Kwa jinsi gani waliisimamisha ile mirija wima, sijui, labda waliiamuru. Kazi ilichukua miezi mitatu. Siwema aliandika barua ya kwanza: "Mtani, mzaha umetosha, mawingu yanakusanyika." Hakujibiwa. Akaandika ya pili. Ya tatu haikuwa na utani hata neno moja, ilisema tu: "Kisima kimeanza kubadilika rangi. Tafadhali." Alijaribu kutengeneza upya, lakini Wizara ilikuwa imeshatoa tangazo kwamba betri chakavu za tochi ni mali ya taifa, na mtu kuonekana nazo ni uhujumu. Polisi walipita wakavuna mpaka zile za redio.

Siku ya kuzindua, uwanja ulijaa. Bendi ilipiga, Kiongozi akavuta kamba, pazia likadondoka.

Watu wakatazama. Wakainamisha vichwa, wakasogea kushoto, wakasogea kulia. Pale juu ya nguzo hapakuwa na pua, hapakuwa na macho, hapakuwa na nishani hata moja. Kidole kilichonyooshwa mbele kilimezwa na tumbo. Palikuwa na tundu lenye umbo la mtu, kama mtu aliyekatwa kwa mkasi akatolewa angani.

Kiongozi alisubiri kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Waziri akauliza kwa upole:

"Mbona hamfunui?"

Magazeti ya asubuhi yalitoa picha, na msomaji aliyeitazama alidhani mhariri amemkata Kiongozi kwa makusudi. Wahariri wote wakalala ndani. Mtaa mmoja wa mji mkuu ulifunga maduka na kuanza kusherehekea, wakiamini ametolewa. Njiwa walijigonga kwenye kifua cha sanamu wakidhani ni uwazi wa kupita. Na kilichomuuma Kiongozi zaidi ya yote ni kwamba wageni kutoka nje walikuja kwa wingi kupiga picha, wakasema hawajawahi kuona sanamu ya kiongozi yenye ukweli mwingi hivyo.

Ikatafutwa mtu.

*

Siwema alishitakiwa kwa kufuta uso wa Mkuu wa Nchi kwa kutumia masizi. Kesi ilisikilizwa palepale Mabomba, kwenye ukumbi wa shule, ili tupate funzo.

Sisi hatukuwa na hofu. Nchi ile ilikuwa na Sheria ya Mila, na kifungu chake cha kumi na nne kilisema wazi: lililotendwa baina ya watani kwa njia ya utani halina kesi. Vyungu vilichukuliwa kwa utani, mbele ya mji mzima. Kilichotakiwa ni kitu kimoja. Waziri asimame aseme, "Huyu ni mtani wangu, nilimchukulia." Basi. Siwema angerudi karakanani jioni, na betri zingerudishwa, na masika tungeipokea tukiwa na vyungu.

Hata hakimu alikuwa ameshafungua ukurasa wa kifungu.

"Mheshimiwa Waziri, mshitakiwa anadai ninyi ni watani. Unasemaje?"

Waziri akarekebisha tai. "Mheshimiwa hakimu, mimi nimezaliwa katika taifa moja, lisilogawanyika. Mambo ya Mlimani na Bondeni ni ukabila, na serikali yetu ilishaufuta. Mama huyu simfahamu. Alituletea masizi akatuambia ni dawa."

Ukumbi ukaguna. Siwema akatikisa kichwa akicheka kwa pua. "Ona huyu fisi! Hata kortini anatania."

Hakimu akapiga meza. Akasema mahakama ingependa kusikia mtu mwingine wa Mlimani, mtu mzima, mwenye kuaminika, aliyefanya kazi ya serikali bila doa. Wakaniita mimi.

Hapa sina budi kueleza kitu kidogo. Jana yake Mheshimiwa Fungameza alinipitia nyumbani. Alinyenyekea sana, alikaa kwenye kigoda, akanywa uji wangu. Hakunitisha hata kidogo. Aliniambia, "Mzee wangu, wewe ni damu yangu," na akaniambia kwamba serikali imeamua kuanza kufukia yale mabomba ya barabarani, na lazima waanzie mlango wa mtu fulani. Nikamwambia ni kweli, lazima waanzie mahali. Mazungumzo yetu yaliishia hapo. Wala hakuniomba chochote, na mimi sikuahidi chochote, na uji ulikuwa wa mtama.

Nikasimama kizimbani.

"Mzee Sengo," hakimu akasema, "unamfahamu mshitakiwa?"

"Namwonaona."

"Je, kati ya watu wa Mlimani na watu wa Bondeni kuna utani?"

Nilimwangalia Siwema. Alikuwa ameegemea ukuta, askari huku na huku, amekunja mdomo kama anayezuia cheko, akiningoja. Alijua nitatoa kituko. Miaka yote hiyo hakuna aliyenizidi kwa vituko isipokuwa yeye.

"Mheshimiwa hakimu," nikasema, "mimi nilikuwa napima mvua. Mambo ya utani sikumbuki."

Siwema akaangua kicheko! Alicheka hadi askari mmoja naye akacheka.

"Sengo! We kaburi we, si mbele ya hakimu! Haya, maliza mzaha wako, mwambie. Mwambie!"

Watu wakacheka naye. Hakimu akatabasamu, akaweka kalamu, akangoja. Ukumbi mzima uliningoja nimalizie. Na nakuambieni ukweli, neno lilikuwepo mdomoni, lilikuwa tayari kabisa, matusi mazuri, mengine sijawahi kuyatumia hadi leo.

"Sikumbuki," nikasema.

Kicheko kiliisha kwa wengine kwanza. Kwake kilichukua muda. Kilikuwa kinapungua huku ananitazama, kama mtu anayetafuta kitu kwenye mfuko ambao anajua alikiweka humo. Kisha kikaisha.

Akapewa miaka saba.

*

Ningeweza kuishia hapo, lakini mambo ya nchi ile hayajui kuishia mahali pa adabu.

Bomba langu lilifukiwa kweli. Walianzia mlangoni kwangu, wakaenda hatua thelathini, wakaishia kwenye bomba la pili, penye mbuzi. Niliwekewa na koki ya kung'aa. Waziri alikuja kuifungua. Ilitoa upepo, na baada ya upepo ikatoa sauti ya mwanambuzi. Tulipiga makofi.

Masika ikafika. Kisima na vyoo vikakutana. Tulizika kumi na mmoja, na mganga wa zahanati akapata cheti cha kufikia lengo. Kaburi la kwanza walitakiwa kuchimba watani wetu wa Bondeni. Hawakuja. Mzee wao mmoja alituma salamu kwa adabu kubwa, akasema wamesikia kwamba utani haupo, na wao hawataki kuvunja sheria. Tukachimba wenyewe. Hakuna aliyetuchekesha msibani. Sikujua kwamba msiba bila mtani unakuwa na urefu ule.

Gerezani nako, Siwema alipewa kazi ya kurekebisha mageti ya gereza lenyewe. Palikuwa na mashine ya kuchomelea. Na walinzi wana tochi, na tochi zina betri, na askari jela hawasomi matangazo ya Wizara ya Vitu Vidogo. Haukupita mwezi, gereza la Mabomba lilikuwa na vyungu, na maji yake yalikuwa safi kuliko ya Ikulu. Wafungwa walinenepa. Mfungwa aliyemaliza muda wake aligoma kutoka, ikabidi ahukumiwe kuachiwa.

Habari zilipotufikia, mji mzima ukaanza kutafuta kesi. Mtu anaamka asubuhi, ananawa uso, anakwenda kituoni kumtukana Kiongozi kwa sauti. Foleni ilifika bomba la tisa. Akina mama walikwenda na watoto mgongoni, wakasema hawa nao wanamtukana, ila bado hawajajua kuongea. Polisi walichoka kuandika. Ikatoka amri kwamba kumtukana Kiongozi hakumfungi mtu tena bila barua ya mwenyekiti wa mtaa, na wazee wastaafu hawafungwi kabisa, kwa heshima ya utumishi wao.

Mkuu wa gereza, mtu mwenye huruma, akafungua dirisha dogo kwenye ukuta. Kila Alhamisi baada ya adhuhuri, asiyekuwa na bahati ya kufungwa alikuja na dumu lake akapewa.

Sikwenda Alhamisi ya kwanza. Wala ya pili. Ya tatu mke wangu alikuwa amelala kitandani anatetemeka, midomo imepasuka, naye akaniuliza bila kufungua macho kama koki yetu imetoa chochote. Nikachukua dumu.

Njiani nilijiandaa. Nilitunga matusi. Nilitunga kuhusu uso wake, kuhusu nguo za kifungo jinsi zitakavyokuwa zimemkaa vibaya, kuhusu Bondeni nzima na mababu zake walioshindwa kubeba chumvi. Nilikuwa nacheka peke yangu barabarani. Nilijua nikimpiga tusi moja la haki, atanirudishia mawili, na mawili yakishatoka yatafuata mengine, na basi.

Foleni ikasogea. Nikafika dirishani. Alikuwa yeye mwenyewe, na kitambaa kibichi kimening'inia shingoni, na mvi ambazo hakuwa nazo.

"We mwanamke wa Bondeni," nikasema kwa nguvu, watu wasikie, "hata jela imekukubali? Nilidhani wana masharti!"

Nyuma yangu mtu mmoja alicheka, kisha akanyamaza.

Siwema alinitazama. Miaka yote tuliyojuana, mvua na kiangazi, hakuwahi kuniamkia hata siku moja, wala mimi sikuwahi kutaka.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema.

Nilitakiwa kuitikia. 

"Nyumbani hawajambo?" akauliza. "Nipe dumu, tafadhali."

Nikampa. Akalijaza hadi juu. Hakunipunja. Akafuta mdomo wa dumu kwa kitambaa safi, akakaza kizibo, akanipitishia dirishani kwa mikono yote miwili, kama anavyopewa mgeni.

"Utembee polepole, mzee," akaniambia. "Njia ina mawe."

Kisha akamtazama aliyekuwa nyuma yangu.